Choo Changu, Kisima Chako

Wiki mbili hizi nilikuwa nahangaika na vichupa vitatu vya maji, na leo nataka niwamegee yaliyonikuta, kisha niseme langu la moyoni. Atakayeona nimekosea anisahihishe, hatugombani.

Naishi Magomeni, chumba cha kupanga, si mbali na Mapipa. Nyumba yetu ni ile ya Kiswahili mnayoijua: korido katikati, vyumba huku na huku, uani jiko, bafu na choo. Mwishoni mwa mwaka 2022, wakati mvua zilipogoma, Mto Ruvu ukapungua na Dar ikaingia kwenye mgawo mkali wa maji, bibi mwenye nyumba alikusanya akiba yake yote akaita fundi, wakachimba kisima pale pale uani. Nilikuwa ndiyo kwanza nimehamia. Siku pampu ilipotoa maji tulipiga vigelegele, mimi mwanaume mzima nikiwemo. Maji yana chumvi kwa mbali lakini ni meupe, na ukiyakinga alfajiri ni ya baridi kweli kweli. Tangu siku hiyo mtaa mzima unapanga madumu kwetu. Bibi ni mjane. Kile kisima ndicho kinachomsomesha mjukuu wake.

Sasa mwezi uliopita yule mjukuu aliharisha siku nne mfululizo, na wiki hiyo hiyo wakaharisha watoto wengine wawili wa nyumba yetu. Kila mtu alikuwa na sababu yake: maembe, chipsi, meno. Mimi nikamkumbuka rafiki yangu tuliyemaliza chuo mwaka mmoja, yeye alisomea mambo ya mazingira. Akanipa vichupa vitatu vyenye karatasi ndani. Unatia maji, unafunga, unaacha siku moja au mbili mahali penye joto. Maji yakigeuka meusi, kuna kila dalili kwamba yana vijidudu vya kinyesi.

Kichupa cha kwanza nikatia maji ya kisima chetu. Cha pili, maji ya bomba kutoka kwa jirani, moja kwa moja bila kugusa ndoo. Cha tatu, maji ya bomba yale yale lakini yaliyolala kwenye ndoo yangu chumbani.

Cha kisima kilikuwa cheusi kama oili chafu kabla hata siku haijaisha. Cha bomba kilibaki cheupe. Cha ndoo yangu nacho kikawa cheusi, na hapo sina wa kumlaumu. Ni kikombe ninachochotea, mkono wangu mwenyewe. Kwa hiyo msidhani naandika haya nikiwa nimekaa upande wa wasafi.

Niliona ni lazima nimwambie bibi. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamwonyesha kichupa. Alikitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Mwanangu, mimi choo changu kiko kule kona nyingine kabisa. Fundi alipima." Kweli, choo chetu kiko mbali na kisima kwa kadiri uwanja unavyoruhusu. Lakini nyuma ya ukuta ambao kisima kimeegemea kuna uwanja wa jirani, na pale ukutani, hatua nne tu, ndipo lilipo shimo lao. Wao nao wamejitahidi, wameliweka mbali na jiko lao. Na wao pia wana kisima, upande wa pili, karibu na shimo la jirani yao mwingine.

Jamani, mnaiona hesabu ya Magomeni? Kila mtu amesogeza choo mbali na maji yake, akakisogeza kwenye maji ya mwenzake.

Mimi si mtaalamu, ila nimeuliza na nimesoma. Chini ya sehemu kubwa ya Dar es Salaam kuna mchanga, chini yake tabaka la udongo mzito, na chini ya huo kuna mchanga mwingine wenye maji. Maji ya juu hayako mbali, hasa sisi tulio karibu na bonde la Msimbazi. Shimo la choo nalo mara nyingi halina sakafu, kwa sababu kazi yake ni kuyaacha maji yanywee ardhini. Mchanga huyachuja, na vijidudu hufa vikiwa njiani. Kwa hiyo swali si mita ngapi peke yake, swali ni maji yanasafiri siku ngapi kutoka shimoni mpaka kisimani. Wajerumani wamelifanya hilo kuwa kanuni: kuzunguka kisima cha maji ya umma wanatenga eneo ambalo maji yakiingia ardhini kwenye mpaka wake yatachukua siku zisizopungua 50 kufika kisimani, muda wa kutosha kwa vijidudu vingi kufa. Sisi uani kwetu, hatua nne kwenye mchanga, masika maji yamejaa mpaka juu, tunazungumzia siku ngapi? Na msinisahaulishe wale wanaosubiri mvua kubwa usiku ili watapishe vyoo. Tunawajua, na wengine ndio sisi.

Kuna anayejitetea kwamba kisima chake ni kirefu. Sawa, kirefu ni bora, maana lile tabaka la udongo ni kinga. Lakini fundi akilitoboa kisha asizibe vizuri pembeni mwa bomba, amefungua njia ya kupitisha uchafu wa juu kwenda chini. Na kuna kitu kinaitwa naitreti, kinachotokana kwa sehemu kubwa na mkojo na kinyesi chetu hiki hiki. Hicho hakifi. Ukichemsha maji kinabaki, tena maji yakipungua sufuriani kinazidi kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo, kwa sababu kinaharibu uwezo wa damu yao kubeba oksijeni.

Wala si habari mpya. Mji huu ulikimbilia visima kwa kishindo kwenye ukame wa mwaka 1997, serikali ikichimba vya dharura na watu binafsi wakichimba vyao. Mwaka 2002 Rubhera Mato alitoa tasnifu yake ya uzamivu kule Eindhoven, Uholanzi, juu ya uchafuzi wa maji ya ardhini hapa hapa Dar es Salaam na namna ya kuyalinda. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ana umri wa kupanga chumba Magomeni na kuoga maji ya kisima. Kipindupindu kilicholipuka Agosti 2015 kilianzia hapa hapa Kinondoni, kikazunguka nchi, na mpaka mwanzoni mwa 2018 kilikuwa kimeugua watu zaidi ya 33,000, Bara na Zanzibar, na kuua zaidi ya 500. Wakati kinaanza mimi nilikuwa bado shule. Nakumbuka tulikatazwa juisi na matunda ya kukatwa. Sikumbuki mtu akiniambia habari za shimo la jirani.

Ningependa bibi ajue kisa cha London. Mwaka 1854 kipindupindu kiliwafyeka watu wa mtaa mmoja wa Soho, na daktari John Snow akaonyesha kwamba wengi wao walikunywa maji ya pampu moja ya Broad Street. Maji ya pampu ile yalisifika. Mjane mmoja aliyekuwa amehamia Hampstead aliendelea kuletewa maji hayo kwa sababu aliyapenda, akafa nayo huko aliko. Baadaye waliposhuka kuchimbua walikuta shimo la uchafu la nyumba ya jirani, pungufu ya mita moja kutoka kisimani, kuta zake zimebomoka na uchafu unapenya. Shimo la jirani! Wenzetu walijenga mtaro wa maji taka mji mzima. Sisi mtaro unapita sehemu chache tu za mji, waliobaki tuna mashimo na makaro.

Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bahari au bwawa. Ukipima mita 60 kutoka kisima cha bibi unavuka nyumba za watu, kwa fundi cherehani na msikiti. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 nayo inampa waziri uwezo wa kutangaza maeneo ya hifadhi ya maji, pamoja na maeneo ambako uchimbaji wa maji ya ardhini unadhibitiwa. Nzuri sana, kwa Ruvu, kwa Kimbiji. Kwa Magomeni, ambako choo kilitangulia kisima kwa miaka 50, ungetangaza hifadhi ipi? Ungehamisha nani?

Hapo ndipo natofautiana na wale wanaosema visima vya mitaani vifungwe. Nilimuuliza bibi kama angekubali kufunga. Akanijibu kwa upole, "Nikifunga, bomba likikauka tena kama mwaka ule, watakuja kwako au kwangu?" Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Mwaka ule wa mgawo visima kama hiki ndivyo vilivyotustiri. Mji wa watu milioni tano na ushee unaotegemea mto mmoja kwa sehemu kubwa ya maji yake hauna ubavu wa kuvidharau visima vyake.

Ninachodai ni kingine. Muuza maji apimiwe, na majibu yabandikwe pale pale penye mpira wa kujazia madumu, kama leseni ya biashara inavyoning'inizwa dukani. Apimiwe kwa bei ambayo mjane anaimudu, au bure, maana maji hayo anakunywa mtaa mzima. Kama hayafai kunywa, aendelee kuuza ya kufulia, kudekia na kuogea, kwa bei yake, bila kufungiwa riziki. Na gari la kunyonya vyoo lihesabiwe kuwa sehemu ya huduma ya maji ya kunywa, si anasa ya mwenye nacho. Mtu akishindwa kulipia gari anatapisha, na anachotapisha kinarudi kwenye ndoo ya mwenzake. Wenyeviti wa mitaa, nyie mnaojua kila ukuta, kabla fundi hajashusha bomba lake ingieni mpaka uwanja wa jirani, mpime na kule.

Na sisi wa magazeti tujisute. Mimi mwenyewe nimeandika habari za maji mara nyingi: bomba limepasuka, mgawo, waziri katembelea mtambo. Zote za maji kukosekana. Nilipopeleka wazo la maji yaliyopo lakini machafu, mkubwa mmoja ofisini aliuliza, "Wamekufa wangapi?" Nikamjibu hajafa mtu. Akasema basi ngoja kwanza. Nimegoma kungoja, ndiyo maana nimeandika hapa.

Bibi naye hakungoja. Juzi ameniita, akanipa kopo la rangi nyekundu na brashi, akasema kazi ya kuandika ni yangu. Nimeandika ubavuni mwa tanki: MAJI YA KUFULIA NA KUOGEA TU. Jirani wa nyuma ya ukuta amesikia, amenuna, lakini jana alikuja kuuliza kile kichupa kinapatikana wapi, akapime chake. Asubuhi mteja wa kwanza mwenye mkokoteni alisimama, akasoma herufi moja moja, akamgeukia bibi.

"Kwa hiyo bei imeshuka shilingi ngapi?"