Mwenyeji na aingie msituni

Kila asubuhi magari ya watalii huondoka Kendwa, kaskazini mwa Unguja, kuelekea kusini. Wageni waliomo wamekwisha shiba bahari na mchanga mweupe; sasa wanataka kuuona msitu. Magari hayo huwapita watoto wa shule wakiwa njiani na mikoba yao, yakakata kisiwa hadi Jozani, na alasiri yakarejea. Mgeni aliyekaa Kendwa siku saba hurudi kwao Ulaya akiwa amemwona kima punju kwa macho yake. Mtoto aliyezaliwa Kendwa na kusoma Kendwa anaweza kumaliza masomo yake bila ya kumwona hata mara moja. Wala hilo si ajabu, kwani huenda hata mwalimu wake hajamwona, na mkaguzi anayemkagua mwalimu huyo hajapata kuuliza.

Hili ni jambo la aibu, na hapana budi lisemwe waziwazi. Si kosa la mgeni. Mgeni amelipa kiingilio, ametazama, ameondoka, na fedha yake imebaki. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni aingie ndani na mwenyeji abaki mlangoni akimshikia mikoba. Kosa ni la wasomi wa nchi hii, hasa watumishi wa umma na walimu, waliojijengea kasumba kwamba msitu ni kitu cha kutazamwa na Wazungu, na kwamba mtu aliyesoma hana haja ya kwenda porini.

Msitu wa Jozani uko kiasi cha kilomita 35 kutoka Mji Mkongwe. Mwaka 2004 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliutangaza, pamoja na Ghuba ya Chwaka, kuwa Hifadhi ya Taifa yenye eneo la kilomita za mraba 50. Ndani yake wamo kima punju, ambao asili yao ni Unguja peke yake duniani kote. Yumo paa nunga, mnyama adimu ambaye nje ya Zanzibar hupatikana katika misitu michache tu ya pwani ya Kenya. Ipo mikoko ya Chwaka, iliyo mingi kuliko ya mahali pengine popote Unguja, ambamo samaki wachanga hujificha na kukua kabla ya kwenda baharini. Msomi anayehubiri uchumi wa buluu katika semina, ilhali hajapata kukanyaga tope la mikoko hiyo, anahubiri asichokijua.

Jina lenyewe la kima punju ni somo. Punju maana yake ni sumu. Zamani iliaminiwa kwamba mnyama huyo ana sumu, na kwamba mti anaoula hauna maisha. Uchunguzi wa wataalamu umeonyesha jambo jingine. Kima hawa hula majani ya miembe na mikungu, yenye dawa kali zinazosumbua tumbo. Kisha huenda wakaokota vipande vya mkaa vilivyoachwa na wachoma mkaa, wakavila, na mkaa huo hunyonya ile sumu. Kumbe mnyama aliyeitwa sumu ndiye aijuaye dawa ya sumu. Mwalimu wa sayansi atapata wapi somo lililo bora kuliko hilo, na lililo karibu kuliko hilo?

Kutokujua kuna gharama yake, na Unguja imekwisha kuilipa. Kisiwa hiki kilikuwa na chui wake, mdogo kuliko chui wa Bara. Watu walimwogopa, wakamzulia kwamba anafugwa na wachawi na kutumwa usiku kudhuru majirani. Katika miaka ya 1960 ilifanyika kampeni ya kuwatokomeza wachawi pamoja na chui wao, na msako dhidi ya mnyama huyo ukazidi. Leo wataalamu wengi wanamhesabu kuwa ametoweka, na kilichobaki cha hakika ni ngozi katika majumba ya makumbusho. Wananchi waliomwua hawakuwa wabaya. Walikuwa hawakufundishwa. Aliyetakiwa kuwafundisha hakuwapo, au alikuwapo na hakuona kuwa ni kazi yake.

Wakaazi wa mjini watajitetea kwamba Jozani ni mbali. Vyema. Masingini je? Juu ya Bububu, kilomita chache tu kutoka Darajani, upo msitu wa Masingini, katika mojawapo ya sehemu za juu kabisa za kisiwa. Mvua inayonyesha pale huzama ardhini polepole na kulisha chemchem ambazo mji umezitegemea tangu enzi ya Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na aliyeyavuta maji hayo hadi mjini. Sultani ameondoka, Mwingereza ameondoka, lakini msitu ungali unafanya kazi ile ile, bila mshahara na bila likizo.

Sasa msomaji na atazame hesabu. Katika Sensa ya 2012, Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678. Katika Sensa ya 2022 ulikuwa na watu 893,169. Yaani katika miaka kumi waliongezeka watu karibu 300,000. Watu hao wanataka maji, na watu hao hao wanataka viwanja. Kiu ya maji inautetea msitu. Njaa ya viwanja inautafuna. Na aghalabu ni mtu mmoja: asubuhi hufungua bomba akalalamika kwamba halitoi, jioni huulizia kiwanja cha bei nafuu kando ya chanzo cha maji. Mtu huyo si mnafiki. Ni mtu ambaye hajapata kupelekwa akaonyeshwa kwamba bomba lake na mti ule ni kitu kimoja.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mhasibu wa Serikali anaujua msemo huu na kuutumia kwa viti na meza za ofisi. Kwa msitu, daftari ni macho ya wananchi. Msitu unaotembelewa na watu wake una wahasibu maelfu: mti ukikatwa Jumatatu, Jumanne imejulikana. Msitu usiotembelewa huweza kumegwa mwaka mzima, na habari ikatoka siku nyumba inapoezekwa bati.

Mfano upo kwa majirani. Jijini Nairobi, katikati ya mitaa ya watu, upo msitu wa Karura wenye eneo la hekta zipatazo 1,000. Katika miaka ya 1990 wakubwa waligawiana vipande vyake kimya kimya ili yajengwe majumba ya kifahari. Mama Wangari Maathai na wenzake walikwenda pale na miche mikononi, na Januari 1999 walipigwa na wahuni waliokuwa wakilinda ubepari huo. Hawakurudi nyuma, wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani, na msitu ukapona. Lakini kupona hakukutosha. Kwa miaka kadhaa Karura iliendelea kuogopwa kama maficho ya majambazi, mpaka ilipozungushiwa uzio, ikawekewa njia na walinzi, na milango ikafunguliwa kwa raia. Leo watu wa Nairobi hutembea humo na watoto wao. Atakayetaka kuumega tena hatapambana na mwanamke mmoja shujaa. Atapambana na jiji zima.

Zipo hoja za upande wa pili, na haifai kuzikwepa. Ya kwanza ni fedha. Ni kweli kwamba shule nyingi hazina gari. Lakini kiingilio cha mwananchi ni kidogo mno kikilinganishwa na cha mgeni, na gari lile lile lisilopatikana kwa ajili ya msitu hupatikana kwa ajili ya pikiniki ya ufukweni. Ya pili ni mtihani: walimu husema muda hautoshi. Huko ndiko kukariri ambako Mwalimu Nyerere alikupiga vita katika Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, aliposhutumu elimu inayomtenga kijana na jamii yake na kumfanya aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni. Andiko lile lilitolewa Bara, lakini ugonjwa wenyewe haujali bahari.

Hoja ya tatu ina uzito zaidi, nayo ni ya wanakijiji. Wakulima wanaopakana na hifadhi wameona kima wakila mazao yao, na wamezuiwa kukata kuni walizozikata baba zao. Hawa ndio waliobeba mzigo wa uhifadhi kwa niaba ya kisiwa kizima. Ni haki yao kupata sehemu ya mapato, na ni haki yao vilevile kuona kwamba mtu wa mjini, anayewaambia waache kukata, ameona haja ya kuja japo mara moja kuutazama msitu anaowakataza. Uhifadhi unaoamriwa kutoka ofisini na mtu asiyeujua msitu hautofautiani na amri ya bwana shamba wa kikoloni.

Mapinduzi ya 1964 yaliifanya ardhi ya Zanzibar kuwa mali ya umma, na mnamo Septemba 23 mwaka huo huo elimu ikatangazwa kuwa bila malipo. Mambo hayo mawili yalikusudiwa yaende pamoja: mwananchi apewe ardhi yake, na apewe akili ya kuijua. Umma wenye hati ya msitu lakini usioujua msitu ni mmiliki wa jina tu.

Basi yafaa mambo matatu yafanyike, na hakuna hata moja linalohitaji msaada wa wafadhili. Kila shule ya mjini iwe na siku moja kwa mwaka ya somo Masingini, na kila shule ya kaskazini, Kendwa ikiwamo, iende msitu wa Kiwengwa-Pongwe ulio ndani ya mkoa wake. Kila mkaguzi aulize katika ripoti yake kama safari hiyo imefanyika, kama anavyouliza habari za madawati. Na kila afisa anayetia saini kibali cha ardhi karibu na msitu au chanzo cha maji, kwanza avue viatu vya ofisini, aende, akatazame kwa macho yake kile anachotaka kukitoa.

Mgeni wa Kendwa ataendelea kuja, na karibu. Lakini siku msitu utakapohitaji mtu wa kuusemea, mgeni huyo atakuwa amekwisha panda ndege. Atakayebaki ni mtoto aliyesimama kando ya barabara na mkoba wake. Ni wajibu wa mwalimu na mtumishi wa umma kuhakikisha kwamba siku hiyo mtoto huyo anajua anatetea nini.