Tamko Kuhusu Nyumba ya Karen Blixen na Historia ya Maskwota

Sisi wanachama wa chama cha kutetea urithi wa kihistoria, baada ya kujadili hatima ya nyumba za mashamba zilizoachwa na walowezi nchini Kenya, tunatoa tamko hili kwa umma, kwa serikali na kwa wasimamizi wa makumbusho.

Nyumba hizi zisibomolewe. Tunawaelewa wanaoziona kuwa kumbukumbu ya dhuluma. Miongoni mwetu wamo wajukuu wa waliovishwa shingoni kipande, yaani kitambulisho cha kazi cha wakoloni. Lakini ukuta ukishaanguka, aliyedhulumiwa naye hupoteza ushahidi.

Mfano tulioujadili kwa kirefu ni nyumba iliyo karibu na vilima vya Ngong, iliyojengwa mwaka 1912 na mhandisi Msweden, Åke Sjögren. Karen Blixen, mlowezi kutoka Denmark, na mumewe waliinunua mwaka 1917. Walilima kahawa, lakini eneo lile lilikuwa juu mno kwa zao hilo. Mibuni ilidumaa, kiwanda kikaungua mwaka 1923, na mwaka 1931 shamba likauzwa. Baada ya uhuru, Denmark iliizawadia Kenya nyumba hiyo, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mlowezi aliyeshindwa na kilimo anajulikana dunia nzima, kwa kitabu chake cha 1937 na filamu ya 1985. Waliopalilia mibuni yake, ukimwacha mpishi Kamante na wenzake wachache, hawana hata majina.

Hao walikuwa maskwota. Sheria ya 1915 ilikwisha kuitangaza ardhi kuwa ya Mfalme wa Uingereza, na walowezi wakapewa hati za miaka 999. Ile ya 1918 ikamtaka Mwafrika anayeishi shambani mwa mlowezi afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, ndipo aruhusiwe kulima kishamba chake na kufuga.

Ni haki kusema kwamba Blixen, kabla ya kuondoka, alizunguka ofisi za serikali hadi maskwota wake wakapewa mahali pa kukaa pamoja katika msitu wa Dagoretti. Tunalitambua hilo. Hata hivyo, kwamba watu wazima wenye familia na mifugo walihitaji kuombewa pa kuishi ni jambo linalostahili chumba kizima katika makumbusho yoyote ya walowezi.

Kwa hiyo tunataka majina ya familia za maskwota yakusanywe kutoka kwa wazao wao, wazee wangalipo, na yaandikwe ukutani kwa Kiswahili na Kikuyu. Tunamtaka Waziri atumie uwezo aliopewa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 kuzilinda nyumba za aina hii ambazo bado ni mali ya watu binafsi. Nao wamiliki tunawasihi wasiuze milango, vigae wala daftari za mishahara kabla wataalamu hawajaviorodhesha. Daftari hasa, kwa kuwa ndimo yalimo majina.

Limetolewa na Kamati Kuu kwa niaba ya wanachama.