Fundi alipwe kwa kutazama

Na Riziki Mwenebatu

Ukimwambia fundi wa Uvira kwamba mashine haioni diski, jibu huja upesi: imekufa, leta nyingine, nikupigie Windows upya. Au anaifomati kabisa, akakurudishia mashine inayowaka vizuri na haina kitu ndani. Hivyo ndivyo zinavyopotea TFC (kazi za mwisho wa masomo) za wanafunzi, pointi za shule nzima, na picha za wazazi waliokwisha kutuacha.

Diski ya ndani isipoonekana, mara nyingi ugonjwa uko nje yake. Kompyuta nyingi za mezani zinatufikia zikiwa zimeshatumika, zimerushwarushwa na malori, na kebo ya SATA hulegea kirahisi. Umeme wa SNEL ukikatika na kurudi kwa kishindo, kifaa kinachougawa ndani ya mashine hudhoofika, diski ikakosa nguvu ya kuzunguka. Hata kile kibetri bapa cha CR2032 kikiisha, saa ya mashine hurudi miaka ya nyuma na mipangilio hufutika, pamoja na ile ya kusomea diski. Ukiona mashine inasema ni 2009, anzia hapo.

Kuna fundi kijana pale Kimanga ninayependa kumwangalia akifanya kazi. Anachomoa waya wa ukutani kwanza. Anafuta vumbi, anabadilisha kebo, anahamia tundu lingine, kisha anawasha na kugusa diski kwa ncha ya kidole, ahisi kama inazunguka. Ikigonga tak-tak anaizima papo hapo, kwa sababu kichwa kinachosoma kinaweza kukwaruza sahani, na kilichokwaruzwa hakirudi. Isipogonga, anaingia BIOS, mahali pa mipangilio ya mashine kabla ya Windows kuwaka, kutafuta jina la diski. Jina likitokea huku Windows ikiomba ruhusa ya kuifomati, anakataa mpaka anakili kila kitu kwenye diski nyingine. Subira hiyo inafaa hata kwa maji: Mto Mulongwe wa hapa Uvira ulipofurika Aprili 2020, mashine nyingi zililowa. Diski iliyolowa haianikwi juani na kuwashwa ijaribiwe; kuiwasha ndiko kunakoimaliza.

Sasa, kijana huyu anapata nini? Akikaa saa mbili akagundua ni kebo tu, mteja ananung'unika: «Papa, kwa kebo tu unataka pesa?» Jirani yake aliyefomati kwa dakika chache analipwa bila neno, kwa kuwa Windows mpya inaonekana kwa macho. Sisi wateja ndio tunaowafundisha mafundi kufuta.

Naomba mafundi wetu, toka Kavimvira hadi Kalundu, wapange bei ya kutazama na waibandike ukutani, ilipwe hata kama diski haikupona. Shule na parokia zianze, kwa sababu mafaili yao ni ya watu wengi. Na mteja, kabla hajaiacha mashine mezani, aandike kwenye karatasi na kuibandika juu yake: «Usifomati bila kuniuliza.»