Mzee na Kompyuta ya Mtumba: Somo la Uraia

Ndugu msomaji, ipo desturi katika miji yetu ambayo tumeizoea mno hata hatuioni tena. Mtu mzima aliyelea watoto, akalima na kusimamia kikundi cha akiba, anaingia katika kibanda cha kuchapa na kutoa nakala. Anamsimulia kijana aliyeketi mbele ya kompyuta ugomvi wa mpaka wa shamba lake, jina la jirani anayemlalamikia, kiasi cha deni lake, na mwisho neno la siri la baruapepe yake. Kijana anachapa, mzee analipa na kuondoka na karatasi. Ameandikiwa, hakuandika.

Simlaumu kijana huyo, kwani anafanya kazi halali. Ninalosema ni kwamba raia anayelazimika kumkabidhi mwingine siri yake kila anapotaka kuzungumza na ofisi ya umma bado hajawa huru kikamilifu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Vidole vya kuazima navyo havisitiri siri.

Jambo hili si geni kwetu. Zamani asiyejua kusoma alimpelekea karani au katekista barua yake, na habari za nyumba yake zikajulikana kabla yeye hajazijua. Ndiyo maana watu wazima wengi wa Burundi walikubali kuketi katika madarasa ya Yaga Mukama, yaliyoendeshwa na parokia za Kikatoliki, ili wajifunze kusoma Kirundi. Nchini Kenya, Januari 2004, mzee Kimani Ng'ang'a Maruge alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, akiwa na umri wa miaka 84. Alieleza kwamba alitaka kuisoma Biblia mwenyewe na kujua kuhesabu fedha zake. Tafakari sababu hizo mbili, ndugu msomaji. Hakutafuta cheti wala ajira. Alichokataa ni kutegemea macho ya wengine.

Leo kalamu imehamia kwenye kompyuta, na kwa wengi wetu njia ya kuifikia ni mashine iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, mara nyingi ng'ambo. Hapo ndipo mwanafunzi mzee anapokutana na kikwazo ambacho vijana husahau kumweleza. Kompyuta iliyotoka Ubelgiji au Ufaransa ina kibodi inayoanza na herufi A, Z, E, R, T, Y. Iliyotoka Uingereza au Marekani inaanza na Q, W, E, R, T, Y, mpangilio uliotokana na mashine za taipu za Christopher Sholes wa Marekani, miaka ya 1870. Aliyezoeza vidole kwenye kibodi ya Kiingereza, akitaka kuandika neno «wazazi» kwenye ile ya Kifaransa bila kutazama, ataona «zqwqwi» kwenye kioo. Akitafuta tarakimu, hazitoki mpaka abonyeze kitufe cha pili pamoja nazo. Mzee atadhani kwamba umri umemwangusha, kumbe mkono wake haukukosa lolote: mashine mbili hazikukubaliana. Basi ajifunze kwa mashine moja tu, ile atakayoitumia kila siku, mpaka vidole viijue njia.

Kikwazo cha pili ni lugha. Mfanyabiashara wa Muyinga aliyepitisha bidhaa zake Kobero kwa miaka mingi anaweza kujadili bei kwa Kiswahili fasaha, lakini kompyuta inamwamrisha kwa Kifaransa asichokisoma. Hakuna sheria ya maumbile inayotaka iwe hivyo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa Uswidi katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Hata pale kioo kinapobaki katika Kifaransa, mwalimu anaweza kufundisha vitenzi vyetu: fungua, andika, hifadhi, nakili, bandika, futa. Mimi ningeanza na «tendua», amri inayorudisha kilichoharibika. Hofu kuu ya mwanafunzi mzee ni kuharibu. Akishajua kwamba kosa lina njia ya kurudi, mkono wake hulegea na akili hufunguka.

Kabla ya kununua, tahadhari. Iwashe mashine mbele ya muuzaji, kisha uchomoe waya uone betri inadumu kwa muda gani, maana umeme wetu hukatika bila kubisha hodi. Bonyeza kila kitufe. Hakikisha akaunti na mafaili ya mmiliki wa zamani yamefutwa. Ikiwa inatumia Windows 10, fahamu kwamba Microsoft ilikoma kuipa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine kuukuu huweza kuhuishwa kwa mfumo usiolipiwa kama Linux Mint.

Wapo watakaosema kwamba simu inatosha. Simu inatosha kutuma salamu na fedha. Lakini barua ya kurasa tatu kwa mkuu wa tarafa, au daftari la hesabu za kikundi cha akiba, vinahitaji kioo kipana na vitufe vya kweli. Wengine watasema kwamba wajukuu wapo. Wajukuu huondoka kwenda kusoma na kuoa, na siri za mzee huondoka nao.

Ninapendekeza jambo dogo. Shule zenye chumba cha kompyuta, Gitega na Muyinga, zikifungue saa mbili kila Jumamosi alasiri kwa ajili ya wazazi. Gitega imekuwa mji mkuu wa kisiasa tangu 2019. Haifai mji wa ofisi uwe na raia wanaozungumza na ofisi hizo kwa midomo ya wengine. Wanafunzi wetu wawe walimu, kwa sharti moja tu: mikono yao ikae mgongoni. Waeleze, wasubiri, waeleze tena, lakini kipanya kisitoke katika mkono wa mzee hata akikawia dakika kumi kutafuta herufi moja.

Nawe msomaji kijana, ukiombwa na mama yako umwandikie barua wiki hii, mpishe kiti. Barua itachelewa, na huenda ikawa na makosa. Lakini kila neno lake litakuwa amelichagua mwenyewe.