Panya Wamepona, na Wazee Wetu Je?



Siku hizi watu wanatuuliza: «Munganga, tumesikia kwamba huko Marekani wamepata dawa ya kansa ya prostata iliyo ndogo kuliko vumbi, nayo inautafuta ugonjwa yenyewe ndani ya mwili. Je, tuingoje?» Ni ulizo jema. Nataka kulijibu wazi, kwa sababu wako wazee wanaokufa kwa kungoja.

Prostata ni tezi ndogo ya wanaume. Inakaa chini ya kibofu cha mkojo. Kansa yake ikienea mpaka mifupani, waganga wanaweza kutumia dawa ya sindano iitwayo dosetakseli. Dawa hii inapita pamoja na damu mwilini mwote. Inaua seli za kansa, lakini inapiga na zile nzima. Nywele zinaanguka, na damu inapoteza askari wake.

Kwa hiyo wataalamu wa Boston, kati yao Robert Langer na Omid Farokhzad, waliifunga dawa hiyo ndani ya chembe ndogo sana. Gawanya milimita moja katika sehemu 10,000. Sehemu moja inakaribia ukubwa wa chembe hizo. Nje ya chembe waliweka kitu kinachoshikamana na seli za kansa ya prostata, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli yake.

Mwaka 2006 walitangaza mambo waliyoyaona. Walikuwa wameotesha kansa ya mtu chini ya ngozi ya panya, kisha wakachoma dawa mara moja tu ndani ya uvimbe. Kati ya panya 7 waliopata chembe zenye ufunguo, uvimbe uliisha kabisa kwa 5. Panya wa kundi hilo walikuwa hai wote mpaka mwisho wa siku 109. Katika wale waliopewa dawa peke yake, bila chembe, waliobaki ni wachache sana.

Ni kazi nzuri, nami namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini panya si mtu. Uvimbe wa panya wale ulikuwa chini ya ngozi, mahali sindano inapofika. Kansa ya mzee imejificha katika mifupa ya mgongo. Dawa ya namna hiyo ilianza kujaribiwa kwa watu mwaka 2011. Iliwasaidia wengine, si wote. Mwaka 2016 kampuni iliyoitengeneza ilifilisika, na dawa ile haikuingia katika matumizi ya hospitali. Basi mtu akikuuzia chupa sokoni akisema ni dawa ya chembe ndogo, shika feza yako.

Sasa sikia jambo lingine lililoanza kwa wanyama, ambalo matunda yake yako karibu nasi. Mbwa naye, kama mtu, huugua prostata akizeeka. Huko Chicago, munganga Charles Huggins aliona kwamba mbwa akiondolewa korodani, yaani mapumbu, prostata yake inanyauka. Mwaka 1941 yeye na wenzake walionyesha kwamba hata kwa wanaume kansa hii inapungua nguvu hivyo, kwa kuwa homoni ya kiume itokayo humo ndiyo inayoilisha. Mwaka 1966 alipewa zawadi ya Nobel.

Upasuaji huo ni mfupi, na hautaki mashine kubwa. Haumalizi kansa iliyoenea, lakini kwa wagonjwa wengi maumivu ya mifupa yanapungua upesi, na wengine wanaongezewa miaka. Ziko na sindano zinazofanya kazi hiyohiyo, lakini lazima zirudiwe tena na tena, na bei yake ni kubwa.

Mara nyingi tukimweleza mzee, anajibu: «Heri nife nikiwa mwanamume.» Simcheki. Ni neno zito. Hatazaa tena, na hamu ya ndoa itapungua. Inafaa aambiwe kweli yote, akae na mke wake, waamue pamoja. Lakini namkumbusha Naamani. Alikuwa mtu mkubwa, akaudharau mto Yordani kwa sababu alitazamia jambo la fahari. Karibu arudi kwao na ukoma wake. Uanaume wa baba hauko katika mapumbu tu. Uko katika kulinda nyumba yake, kufundisha wana wake, kuketi penye shauri.

Kwa hiyo, baba, usifiche. Ukiamka mara nyingi usiku kwa ajili ya mkojo, mkojo ukitoka kwa shida, ukiona damu, mgongo ukiuma bila kupumzika, njoo. Si kila shida ya mkojo ni kansa; kwa wazee wengi tezi imekua tu. Munganga atakupima. Miguu ikilegea ghafula, usingoje hata kesho. Na kama baba yako au ndugu yako alipata kansa hii, uliza mapema, hata kama huumwi.

Wataalamu wanatafuta njia ya kupeleka dawa mpaka penye ugonjwa. Tuwaombee. Kwetu, kazi iliyo ngumu zaidi ni kumleta mgonjwa mpaka penye dawa. Kazi hiyo haingoji panya wala Boston. Inamngoja mzee mwenyewe, na mtoto wake atakayemshika mkono na kumsindikiza.