Huenda Hema Lako Halivuji

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa uani kwetu Nyeri, nimeshika mpira wa kumwagilia mboga, nikilinyeshea hema langu huku majirani wakinitazama kama mtu aliyepungukiwa akili. Leo nawaeleza sababu, kisha nitoe maoni ambayo najua baadhi ya wapanda mlima hawatayapenda.

Maoni yenyewe ni haya: kulowa ndani ya hema mlimani mara nyingi si kosa la mvua. Ni kosa la mtu aliyepeleka mlimani kitu ambacho hakukijaribu nyumbani. Sisi tunaoandika programu tunaujua ugonjwa huu vizuri. Unaandika, unaona inafanya kazi kwenye mashine yako, unampelekea mteja, halafu unaanza kuomba Mungu.

Nilijifunza hili kwa njia mbaya. Mwezi wa Aprili, katikati ya mvua ndefu ambazo wazee wetu huziita mvua ya njahi, tulipanda watatu kwa njia ya Naro Moru. Usiku wa kwanza tulilala Met Station, kama mita 3,050 juu ya usawa wa bahari. Siku ya pili tukapita kile kinamasi cha Vertical Bog, tope hadi magotini, tukapiga hema Bonde la Teleki jioni, mvua ikinyesha. Usiku ule kila kitu kililowa. Mwenzetu mmoja alikuwa amelala na suruali ya jinzi mbichi. Alitetemeka hadi karibu alfajiri, kisha akatulia. Sisi tukafurahi, tukadhani amepata joto. Kiongozi wetu hakufurahi. Alimwuliza maswali mawili matatu, akasikia ulimi umekuwa mzito, akasema, "Vijana, mvueni hizo nguo. Tunashuka."

Baadaye nilisoma na kuelewa. Mtu aliyepigwa na baridi kali akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, hiyo si nafuu, ni hatari. Maji huondoa joto mwilini kama mara 25 kuliko hewa. Na kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6, kwa hiyo kule kwenye mita 4,200 unakuwa umeacha nyuzi kama 15 hapa chini Nyeri. Mwenzetu alipona, lakini hadi leo nikikumbuka furaha yetu ile ya alfajiri naona aibu.

Niliporudi nikalilaumu hema. Nikatumia karibu nusu mshahara kununua lingine, lililoandikwa "milimita 3,000". Namba hiyo maana yake ni kwamba kitambaa kinaweza kubeba nguzo ya maji yenye urefu wa mita 3 kabla maji hayajaanza kupenya. Mvua ya kawaida haina nguvu hiyo. Basi namba si uongo, ila inajibu swali ambalo sikuuliza. Haisemi lolote juu ya mishono, zipu wala hewa. Ni kama kusifiwa kasi ya prosesa wakati shida yako ni diski iliyojaa.

Mwezi wa Julai, wakati wa baridi yetu ya gathano, nikalala uani ndani ya hema jipya. Hakukunyesha hata tone. Asubuhi dari lilikuwa linadondosha maji! Hapo ndipo nilipokubali kufanya kazi kama nilivyofundishwa chuoni: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha tazama. Nilizigundua hitilafu nne.

1. Pumzi. Watu wawili wakilala hutoa mvuke mwingi usiku kucha, na mvuke ukigusa kitambaa baridi hugeuka maji. Sisi tulikuwa tumeziba kila tundu tukiogopa baridi, na tena tukaanika soksi mbichi humo ndani. Dawa yake inaonekana ya kijinga lakini inafanya kazi: fungua matundu ya juu na acha mlango wazi kidogo hata kama ni baridi.

2. Kitambaa cha nje kugusa cha ndani. Nailoni ikilowa hulegea. Kabla ya kulala toka nje ukazikaze kamba upya. Ukiivumilia dakika moja ya mvua, unaokoa usiku mzima.

3. Turubai la chini. Nilikuwa natandika kubwa kuliko sakafu ya hema, nikijiona mjanja. Kumbe ule ukingo unaojitokeza nje hukinga mvua na kuyaingiza maji chini yako. Likunje liwe dogo kuliko sakafu.

4. Mishono. Hii ndiyo niliyoipata kwa mpira wa maji. Hema la zamani lilikuwa limebanduka utepe wa mishono, na ule utando wa ndani umeanza kunata. Sababu ni mimi mwenyewe: nililikunja likiwa bichi nikalisahau juu ya kabati. Ukirudi, anika hema lako kabla hata hujaoga.

Kuna ya tano ambayo haijaribiwi uani, nayo ni saa na mahali. Mlima wetu kwa kawaida huwa mweupe asubuhi, mawingu hupanda, na mvua huja baada ya adhuhuri. Anza mapema, piga hema mapema. Upande wa kusini-mashariki, kwenye njia ya Chogoria, hunyesha zaidi. Kaskazini, njia ya Sirimon kutoka Nanyuki, ni pakavu zaidi. Na hata pakavu pale, usipige hema bondeni kabisa. Hewa baridi na maji hupenda mahali pamoja.

Wako watakaosema, "Ndugu, mlima ni mlima, utalowa tu." Ni kweli, na sibishani. Lakini hata seva huanguka tu siku moja, na ndiyo maana tunaweka nakala ya akiba. Nakala yako ya akiba mlimani ni mfuko wa kulalia na seti moja ya nguo za usiku, zisizo za pamba, ambazo hazitoki kwenye mfuko usiopitisha maji mpaka hema limesimama. Zile karatasi za dukani tulizokuwa tukifungia nguo zamani sahau: mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na tangu Juni 2020 huruhusiwi kuingia hifadhi ya taifa na plastiki za kutumia mara moja. Nunua mfuko imara, utakaa nao miaka.

La mwisho. Hema bovu kuliko yote kambini mara nyingi ni lile wanalolalia wapagazi. Kabla hujalipia safari, uliza watalala wapi, na ulione. Wao ndio watakaokuteremsha siku ulimi wako utakapokuwa mzito.

Mji wetu wa Nyeri ndipo alipozikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, mwaka 1941. Tunaishi na kaburi la mtu aliyewafundisha watoto wa dunia nzima kujiandaa, halafu tunapanda mlima na hema ambalo bado lina karatasi ya bei. Jumamosi hii litoe uani, lifungulie maji nusu saa, kisha uingie ndani na tochi. Majirani watacheka. Waache wacheke.