Chai ya tangawizi ni njema, lakini homa ipimwe kwanza

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ndivyo ilivyoipata chai ya tangawizi. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, tangawizi, limau na vitunguu saumu viligombewa masokoni kana kwamba ni chanjo. Hakuna aliyethibitisha kuwa mchanganyiko huo uliwakinga watu, lakini sifa zilibaki. Leo utasikia chai hiyo ikitajwa kuwa dawa ya kila maradhi, kuanzia mafua hadi malaria. Hapo ndipo ninapokataa.

Si kwamba naipiga vita chai yenyewe, ndugu msomaji. Ni kinywaji kizuri na ni rahisi kuandaa nyumbani. Kwa vikombe vinne, chukua tangawizi mbichi yenye urefu wa kidole gumba, ioshe kwa kuisugua mpaka udongo uishe, kisha uitwange. Itie katika sufuria yenye vikombe vitano vya maji pamoja na kijiti cha mdalasini, karafuu tatu, iliki mbili na majani machache ya mchaichai. Ukipata mzizi mbichi wa manjano, kata kipande kidogo uongeze. Funika, uache ichemke kwa moto mdogo dakika 10 hadi 15, kisha uchuje. Limau likamuliwe baada ya kuepua.

Ukipenda maziwa, chemsha tangawizi kwa maji kwanza. Tangawizi mbichi ikikutana na maziwa yasiyochemka huyakata.

Chai hii huchangamsha mwili, hulainisha koo lenye mafua na hupunguza kichefuchefu, hata kwa baadhi ya mama waja wazito. Hata hivyo, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize daktari kabla ya kuinywa kila siku, na mwenye kiungulia apunguze tangawizi. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kamwe, kwani inaweza kuwa na vijidudu vitakavyomdhuru vibaya.

Sasa twende Funyula, mji mdogo wa Samia katika Kaunti ya Busia, si mbali na Ziwa Victoria. Eneo hilo lote la ziwa ndilo lenye malaria nyingi zaidi nchini Kenya. Ndiyo maana Busia ilikuwa miongoni mwa kaunti za magharibi zilizochaguliwa kwa majaribio ya chanjo ya malaria, yaliyoanzishwa Septemba 2019. Chanjo hiyo husaidia, lakini haizuii kila kisa.

Tuseme mtoto wa miaka mitatu ameamka na joto jingi hapo Funyula. Nyanya yake anampikia chai ya tangawizi na mchaichai. Mtoto anatoka jasho, joto linashuka, anaanza kucheza. Kila mtu anaisifu chai. Kumbe homa ya malaria ina tabia ya kupanda na kushuka yenyewe. Usiku inarudi, naye anapikiwa birika la pili. Aina ya malaria iliyoenea kwetu inaweza kumfikisha mtu katika hali ya hatari, hata kifo, katika muda wa saa 24 tangu homa ianze. Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano na mama waja wazito.

Simlaumu nyanya huyo. Namlaumu zaidi msomaji wangu wa Nairobi, Mombasa au Nakuru. Wewe ndiwe unayepigiwa simu kutoka nyumbani asubuhi hiyo, nawe, kwa kuwa umesoma na unaishi mjini, neno lako lina uzito. Ukijibu, "Mchemshieni tangawizi, atapoa," umewapotezea siku nzima.

Waambie wampeleke mtoto zahanati au kwa mhudumu wa afya wa jamii aliyefunzwa kupima. Tone moja la damu kutoka kidoleni hutoa jibu katika muda wa nusu saa hivi. Akipatikana na malaria isiyo kali, atapewa dawa mseto za siku tatu, na ni lazima azimalize hata akipata nafuu siku ya kwanza. Akiwa anatapika kila kitu, anashikwa na degedege au amelegea hata haamki vizuri, apelekwe hospitali mara moja. Na kama nauli ndiyo kikwazo, itume wewe wakati huo huo.

Kwa hivyo tuendelee kuinywa chai yetu ya tangawizi, na tuwafunze watoto wetu kuipika. Lakini simu ikija kutoka nyumbani kuhusu homa, neno la kwanza liwe kipimo. Chai inaweza kungoja mpaka warudi.